Kiswahili Walichoondoka Nacho

Mazungumzo ya kuanzisha jarida la kuchapwa kwa ajili ya wana Kolwezi walio mbali yamedumu kitivoni kwetu tangu mwaka uliopita wa masomo, na sasa yamefika mahali ambapo watu wameanza kununiana. Wapo wenye ndugu Bruxelles, Liège, Paris na Johannesburg, wanaotaka jarida la rangi, la Kifaransa, lihaririwe huko na kutufikia huku kama zawadi. Wapo pia wanaosema lihaririwe hapa, lakini kwa Kiswahili sanifu, ili lisomwe mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Mimi niko na kundi la tatu, ambalo kwa sasa lina watu wachache, na nimeomba nafasi katika kurasa hizi ili nilitetee.

Ninachosema ni hiki: kabla ya kuulizana fedha zitatoka wapi, tuulizane diaspora yetu ni nani. Tukilijibu hilo kwa haki, swali la lugha litapata jibu lake, na swali la mahali pa kuhariria pia. Jibu langu ni kwamba mwana Kolwezi wa mbali ni mtu yeyote aliyeondoka mji huu akiwa na Kiswahili chake kinywani, hata kama baba yake hakuzaliwa Katanga. Najua sentensi hiyo inawaudhi baadhi ya wasomaji. Naomba wasome mpaka mwisho kabla ya kuandika majibu.

Nianze na historia, maana wengi wetu tunaijua nusu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 iwe kitovu cha migodi ya magharibi. Mji huu haukukua kutoka kijijini. Ilijengwa kambi, ikajengwa nyingine pembeni yake, na watu wakaletwa kuzijaza. Walunda, Wandembo, Wachokwe na Wasanga walikuwapo katika nchi hii kabla ya mgodi. Waluba wa Kasai, Wabemba na wengine wengi waliletwa na kazi. Katika miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imebadili siasa yake ya wafanyakazi: badala ya kumchukua mwanamume kwa miezi michache na kumrudisha kwao, ilimtaka akae na mke na watoto, apewe nyumba, posho, shule na hospitali. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi lugha hii ilivyochaguliwa na kusukumwa na wakubwa wa wakati ule ili wafanyakazi waamriwe kwa lugha moja.

Lakini wakubwa hawakuweza kuamua kitakachotokea baada ya saa za kazi. Jirani wa kulia alisema Kiluba cha Kasai, wa kushoto Kibemba, na kapita wa baba alikuwa mtu wa mahali pengine kabisa. Watoto waliozaliwa katika nyumba hizo walikichukua Kiswahili cha amri wakakifanya lugha ya kugombania bomba la maji na ya kubembelezea wadogo zao. Kizazi kimoja kilitosha. Kiswahili chetu, chenye *batu* na *mayi* na *njo*, hakikuja na kabila lolote. Ndiyo mali pekee mjini hapa ambayo hakuna anayeweza kusema ni ya babu yake peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo oditwari zetu hulizunguka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walikuwa mafundi, walimu, makarani, wauguzi, na wengi wao walizaliwa hapa, kama wazazi wao. Walilala katika stesheni za treni kwa majuma wakingoja mabehewa, na wengine hawakufika mwisho wa safari. Katika Katanga nzima hesabu yao ilikuwa mamia ya maelfu. Walifikia Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, katika nchi iliyoitwa ya kwao na ambayo vijana wengi hawakuwahi kuiona. Huko walicheza, waligombana na kuomba Mungu kwa Kiswahili, na wenyeji waliwacheka kwa namna walivyoisema Tshiluba.

Hao ndio diaspora kubwa ya kwanza ya Kolwezi. Hata hivyo, neno diaspora likitajwa kitivoni, mawazo huruka moja kwa moja Zaventem. Sina ugomvi na ndugu wa Ulaya. Ila ninashangaa kwamba mpango wa jarida uliozungushwa kwetu mwaka jana, kurasa kadhaa nzuri kabisa, ulitaja miji saba ya Ulaya na Marekani na haukutaja Mwene-Ditu hata mara moja.

Mama yangu mdogo yuko huko. Aliolewa na fundi umeme ambaye baba yake alitoka Kasai, wakaondoka pamoja mwaka 1993. Wanawe sasa ni watu wazima wenye watoto. Wakiwa sokoni wanasema nshima, wakirudi nyumbani wanasema bukari, na hakuna aliyewafundisha kubadili. Mlango ndio unaowabadilisha. Miaka michache iliyopita alinitumia kwa simu ujumbe wa sauti wa zaidi ya dakika kumi, akieleza jinsi wanawake walivyopanga zamu za kupika pale stesheni, nani alikuwa na sufuria kubwa, nani alitoa mkaa. Nilimsikiliza mara nyingi. Kisha simu ikafa, na sauti ile ikafa nayo. Wanaoniambia kwamba karatasi imepitwa na wakati, kwamba vikundi vya WhatsApp vinatosha, huwa nawajibu kwa habari hiyo.

Na upotevu siyo hoja yangu kuu dhidi ya vikundi hivyo. Kikundi cha simu kina mlango na bawabu. Wenye asili ya Kasai wana chao, Walunda wana chao, waliosoma chuo fulani cha wamisionari wana chao, na kila mmoja analalamika mbele ya watu wanaokubaliana naye tayari. Jarida la karatasi halimchagui msomaji. Ukurasa wa 12 unaweza kuwa wa mtu aliyefukuzwa, na wa 13, mkabala nao, wa mtu aliyebaki na kuhamia katika nyumba iliyoachwa wazi. Akiinunua nakala kwa ajili ya mmoja, anampeleka nyumbani na mwingine.

Je, jambo la namna hii limewahi kufanyika katika ukanda wa shaba? Magazeti na majarida tumekuwa nayo muda mrefu. Kampuni ilianzisha *Mwana Shaba* mwaka 1957, na wazee wetu wanalikumbuka kwa mapenzi, kwa picha za mechi na za harusi. Nami silidharau, lakini lilikuwa jarida la mwajiri, na hakuna mwajiri anayechapa malalamiko ya mtu aliyemfukuza kazi. Wamisionari nao walichapa mengi, kwa Kiswahili walichokiita bora, ambacho hakuna mtoto aliyekuwa akilia nacho.

Mfano ninaoutaka mimi ni mdogo kuliko hayo yote. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, yaani waliowapikia Wazungu, kuwafulia na kuwalelea watoto, waliamua historia ya mji iandikwe na wao. Aliyeandika aliitwa André Yav. Jina la maandishi hayo ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili cha mji, kama kilivyosemwa, kimepigwa taipu bila mhariri wa kukisafisha. Hakuna kampuni iliyolipa. Hakuna askofu aliyetoa ruhusa. Inasimulia Wazungu walivyoonekana kutoka jikoni, mahali ambapo huonekana vizuri kuliko popote.

Nakala ilimfikia Fabian, na mwaka 1990 akaichapisha Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kuna habari moja katika kazi hiyo ambayo kila mwanafunzi wa isimu hapa angepaswa kuijua. Maandishi ya Yav hayakusomeka kwa macho tu. Maneno yaliunganishwa na kukatwa pasipotarajiwa, na alama za vituo zilikuwa haba. Basi Kalundi Mango, msemaji wa lugha yenyewe, aliyasoma kwa sauti, na sauti yake ikaandikwa upya. Ndipo maana ikafunguka. Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Yaani maandishi yale yaliandikwa na mtu anayesikia kwa ajili ya watu wanaosikia, na yalimhitaji mtu wa nyumbani ili yafunguke.

Ndiyo sababu sikubali jarida lihaririwe Bruxelles. Huko kuna watu werevu kutuzidi, na wenye kompyuta bora. Lakini sikio liko hapa, na katika nyumba za Mwene-Ditu, na kidogo Ndola na Kitwe kwa ndugu waliovuka Kasumbalesa. Schicho huyohuyo, akiwa na Mbayabo Ndala, alichapisha mwaka 1981 kitabu juu ya maigizo ya kundi la Mufwankolo, ambayo yalichekesha Katanga nzima kwa lugha yetu. Kilichapwa Vienna. Picha za Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi hii katika miaka ya 1970 na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga, zinaonekana Amsterdam. Sarufi nzuri ya Kiswahili cha Lubumbashi, ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, ilitoka Paris mwaka 2014. Siwalaumu waliofanya kazi hizo. Bila wao tusingekuwa na kitu. Ila nimechoka kuiomba visa ili nisome lugha ya mama yangu.

Sasa niwajibu walimu wangu wanaotaka Kiswahili sanifu, maana hoja yao ni nzito kuliko ile ya Bruxelles. Wanasema, na ni kweli, kwamba Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya jumuiya za kanda yetu, kwamba mwandishi wa Kolwezi akiandika kwa sanifu anafungua soko la mamilioni. Mmoja aliniambia, kwa upole, kwamba Kiswahili chetu kikichapwa kitatuaibisha mbele ya watu wa Zanzibar.

Nachukua mfano mmoja. Mama mdogo, katika ujumbe ule uliopotea, alisema *tulilalaka ku gare*. Mhariri wa sanifu angesahihisha: tulilala stesheni. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanajua kilichofutwa hapo. Kile kiambishi cha mwisho, *-aka*, kinabeba maana ya jambo lililorudiarudia, au la zamani ambalo msemaji analitazama kutoka mbali. Hakusema walilala usiku mmoja. Alisema kulala stesheni kulikuwa maisha yao kwa muda, na kwamba muda huo umekwisha. Sanifu ina njia zake za kusema hivyo, kwa maneno mengi zaidi, lakini yeye hakuzitumia na hatazitumia. Tukimsahihisha tunamfanya aseme jambo dogo kuliko alilolipitia. Kisha tunamwomba atume barua nyingine, na hatatuma, kwa sababu amekwisha kuelewa kwamba jarida la wana Kolwezi ni la watu waliosoma.

Hapo ndipo uhuru wa jarida unapoanzia kwa maoni yangu. Tunapenda kusema jarida huru ni lile lisiloogopa serikali. Sawa. Lakini jarida linalomlazimisha mwandishi wake abadili kinywa kabla ya kuingia limekwisha kuchagua nani aingie. Msomaji ataniuliza mbona mimi mwenyewe naandika sanifu. Naandika hivyo kwa kuwa jarida hili la kitivo lina kanuni zake, nami nilizikubali nilipoomba nafasi. La pili halihitaji kuwa ndugu pacha wa la kwanza.

Kuacha lugha iwe yenyewe hakumaanishi kila mtu aandike apendavyo; ya Yav yametufundisha gharama yake. Tunahitaji kanuni chache za tahajia, labda kumi, zitoshee ndani ya jalada la mbele. Viambishi vya nyakati viunganishwe na kitenzi: *banaenda*, siyo *ba na enda*. *Mu* na *ku* za mahali ziandikwe peke yake: *mu nyumba*, *ku kazi*. Kuhusu *moya* na *mayi* na *njo*, tuziandike zinavyosikika. Ugumu uko kwenye *ch*. Waliosomea shule za Kifaransa, na hao ni karibu sisi sote, wanaandika *tshakula* na *tshumba*. Waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wengi wao watu wa Kivu lakini na wa kwetu wamo, wameshika *chakula* cha vitabu vya sanifu. Mimi napigia kura *ch*, ni fupi na inatuweka karibu na majirani bila kubadili sauti yetu. Majina ya watu yabaki kama yalivyo kwenye kadi zao. Hakuna atakayemwandika Chombe badala ya Tshombe bila kupata barua ishirini za kumtukana.

Kuhusu fedha, kuna kishawishi ambacho lazima nikitaje kwa jina lake. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Katika mkoa unaotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, asilimia hiyo si pesa ya kuchezea. Tayari nimesikia wenzangu wakisema: utamaduni nao ni maendeleo, tuombe. Shule, visima na zahanati vinaihitaji fedha hiyo kuliko sisi, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nikatae. Lakini kuna sababu nyingine. Mtu atatuandikia kutoka mbali kwamba shamba la mama yake lilichukuliwa na mgodi, kwamba mtaa aliozaliwa umekuwa shimo. Sehemu za Kolwezi zimechimbwa mpaka chini ya nyumba. Hii si habari ya kubuni. Siku hiyo nembo iliyo kwenye jalada la nyuma itasoma pamoja nasi.

Mtu akidhani naogopa vivuli, akumbuke *Transition*. Rajat Neogy aliianzisha Kampala mwaka 1961, na ikawa mojawapo ya majarida bora kabisa ya bara hili, lenye ubishi, lenye barua za wasomaji zilizosomwa kwa hamu kama makala zenyewe. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa Congress for Cultural Freedom. Kisha katika miaka ya 1966 na 1967 ikajulikana kwamba shirika hilo lilikuwa likilishwa na CIA. Neogy hakuwa mtumwa wa mtu, kurasa zake zinashuhudia. Lakini kila aliyemchukia alipata fimbo ya bure, na mwaka 1968 serikali ya Uganda ilimtia gerezani. Jarida likahamia Accra baadaye. Hata mtu safi anachafuliwa na bahasha ambayo hakuiuliza imetoka wapi.

Tutalipaje basi? Kwa udogo. Tayari tunayo tasnia ya uchapaji kuzunguka chuo, na sote tumeilipia: maduka ya fotokopi yanayoishi kwa silabasi za maprofesa. Mashine hizo zinaweza kuchapa karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini mbili, nyeusi na nyeupe, kurasa 48. Umeme ukikatika tunangoja, kama tunavyongoja silabasi. Jarida la rangi la ndugu wa Bruxelles lingependeza zaidi, nakubali, lakini toleo lake la pili silioni likija.

Kusafirisha ni tatizo gumu kuliko kuchapa. Posta si ya kuitegemea. Kwa hiyo tusisafirishe vitabu, tusafirishe kurasa zilizopangwa tayari, na kila mji uzichape wenyewe: Mwene-Ditu kwa mashine ya parokia au ya duka, Kitwe, Johannesburg, Liège. Aliye Ulaya alipe nakala yake pamoja na moja ya mtu wa Kasai asiyemjua. Nakala chache za Kolwezi, ikiwezekana, ziende kwa treni kupitia Tenke na Kamina, kwenye reli ileile. Najua treni hiyo inakwenda inapotaka. Napenda tu wazo la kwamba safari hii ipeleke kitu kilichoombwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito zaidi. Rafiki yangu mmoja, Mlunda, msomaji mzuri kuliko mimi, aliniambia: jarida lako litafukua makaburi. Miaka ya karibuni watu wameanza tena kuja kutoka Kasai, wakikimbia vita vya 2016 na 2017 au wakifuata tu kazi, na maneno ya zamani yamerudi vinywani mwa watu. Ukichapa ushuhuda wa stesheni leo, aliuliza, hujawasha moto?

Swali lake ni la haki, na sikubali wanaolipuuza. Lakini ninaona ukimya nao haujawahi kuuzima moto huo. Mwaka 1992 vijana waliorusha mawe hawakuwa wamesoma jarida lolote. Walikuwa wamesikia hotuba. Ushuhuda wa mwanamke anayeeleza nani alitoa mkaa hauwezi kufanya kazi ya hotuba. Una majina ya mitaa, una jirani Mlunda aliyetunza cherehani yake mpaka leo, una jirani mwingine ambaye hakutunza. Nitakwenda mbali zaidi: tumwalike pia aliyekuwa upande wa kufukuza. Wapo, wana umri wa miaka 50 na zaidi, wengine ni wazee wa kanisa. Walikuwa na manung'uniko yao juu ya nani alipata kazi na nani alipata nyumba ya kampuni, na manung'uniko hayo hayakuwa ya uongo yote. Waandike kwa majina yao. Masharti ni mawili: asitajwe mtu binafsi kwa kumshtaki, na asiitwe mtu mdudu. Tangu mwaka 1966 nchi hii ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila. Mhariri aiweke mezani pembeni ya kamusi.

Rafiki yangu hakushawishika. Alikubali tu kwamba, likichapwa, atalisoma kabla ya kulichoma.

Kuna pia diaspora ya wasanii, na sitaki ionekane nimeifukuza ili niweke hii nyingine. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, anaishi Graz na ameipeleka kelele ya miji yetu katika riwaya ya Kifaransa, *Tram 83*, ya mwaka 2014. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alikitia Kiswahili katika filamu yake *Augure* mwaka 2023. Sammy Baloji ni mmoja wa walioanzisha Picha, kituo kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi tangu mwaka 2008, na jina la kituo chenyewe linatosha kuonyesha lugha ya nyumbani ni ipi. V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, alifariki Marekani mwaka 2025 baada ya kuandika karibu kila kitu kwa Kifaransa na Kiingereza. Watu hawa hawana haja ya jarida letu, wana wachapishaji. Ila nadhani mmoja wao akiombwa kurasa mbili kwa Kiswahili cha utoto wake, bila mhariri wa kumsahihisha, anaweza kufurahi kuliko tunavyodhani. Ajabu itakuwa kumwona kwenye ukurasa mmoja na fundi umeme wa Mwene-Ditu, wakiwa wameandika *mayi* sawasawa.

Kwa toleo la kwanza nimependekeza kwa wenzangu watatu wa mwaka wa tatu mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Kila mmoja arekodi mzee mmoja aliyeondoka, kwa simu kama haiwezekani kuonana, na amwandike neno kwa neno siku hiyohiyo, sauti ikiwa bado ipo. Aliyerekodiwa asomewe maandishi kabla hayajachapwa, kama Kalundi Mango alivyoyasoma ya Yav, ila safari hii msemaji mwenyewe awepo kusema hapana, sikusema hivyo. Wanaoandika TFC juu ya msamiati wa migodini watoe kila mmoja ukurasa mmoja usio na nadharia. Maneno kama posho na kapita yana hadithi ndefu, na kazi hizo zinalala kabatini zikisomwa na panya peke yao.

Kinachobaki ni tahajia. Tunahitaji asistenti mmoja wa fonetiki atakayekaa nasi jioni mbili ili tukubaliane juu ya kanuni kumi, na kwa walimu wa sanifu tunahitaji mmoja wa kutupinga vizuri, kwa sababu tukikubaliana sote haraka tutakuwa tumesahau kitu. Wanaotaka *tsh* ibaki walete hoja zao kabla ya kurasa kupangwa. Nimesikia iliyo nzuri moja tu mpaka sasa, kwamba bibi zetu walijifunza kusoma hivyo na macho yao hayatabadilika tena, na hiyo sijapata jibu lake.